Hali ya Hewa Kaunti ya Nakuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayetaka kuhamia, kulima au kutembelea kaunti hii huanza na swali lile lile: Nakuru kukoje? Nami humrudishia lingine: Nakuru ipi? Kaunti hii ina kaunti ndogo 11, na mtu anayetoka Solai asubuhi akielekea Mau Narok atavaa sweta njiani, na kabla hajafika atatafuta koti la kuongeza juu yake. Makosa mengi ya huku, ya shambani na ya kununua ploti, huanza pale mtu anapodhani kwamba hewa ya mjini ndiyo hewa ya kaunti nzima. Kwa hiyo unaposoma majibu haya, kaa ukijua jina la mahali pako.

Nakuru ni baridi au ni joto?

Jibu liko kwenye mwinuko. Jiji la Nakuru liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Naivasha liko karibu na kimo hicho hicho. Ukipanda Njoro, Elburgon hadi Molo unafika kwenye mita 2,500, na Mau Narok unapita mita 2,700. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7. Ndiyo maana ikweta inapita hapo kaskazini mwa jiji, karibu na Mogotio, na bado watu wa Molo wanalala na blanketi mbili.

Mjini, mchana wa kawaida ni nyuzijoto 24 hadi 28, na usiku hushuka hadi 10 au 12. Miezi yenye joto zaidi ni Januari, Februari na nusu ya kwanza ya Machi. Wenye baridi zaidi ni Julai, wakati mawingu yanakaa siku nzima na jua linachungulia tu. Huko Molo, Kuresoi na Mau Narok, mchana mara nyingi haufiki nyuzi 22, na usiku chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida mwaka mzima. Anayetoka Kisumu au Mombasa asidanganywe na jua la saa nane. Jua likizama tu, baridi inaingia papo hapo, hata mwezi wa pili.

Mwaka umegawanyika vipi?

Katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi ni kiangazi. Nyasi zinakauka, upepo wa mchana unainua vumbi Lanet, Gilgil na Elementaita, na ng'ombe wanapungua maziwa. Kisha mvua ya masika, au mvua ndefu kama wengi wanavyosema, huanza kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Aprili na Mei ndiyo miezi ya kulowa. Mara nyingi asubuhi ni safi kabisa, mawingu yanaanza kujengeka juu ya milima ya Mau na Nyandarua saa sita, na kufikia saa tisa au kumi inanyesha kwa nguvu. Ukiwa na nguo za kuanika, zianike mapema.

Juni mvua inalegea na baridi inaanza. Oktoba hadi mapema Desemba ni mvua ya vuli, mvua fupi. Kwa jumla ya mwaka, mjini hupata takriban milimita 900 hadi 1,000, Molo inapita 1,000 bila shida, na Naivasha mara nyingi haifiki 700.

Kinachosababisha mizunguko hii miwili ni ukanda wa mvua unaolifuata jua. Jua linapita juu ya ikweta Machi na tena Septemba, na mvua zinakuja wiki chache baadaye.

Mbona Agosti kwetu Molo kunanyesha, lakini shemeji yangu Naivasha analalamika ukame?

Nyote wawili mnasema kweli. Upande wa magharibi wa kaunti una kilele cha tatu cha mvua, ambacho vitabu vya shule vyenye misimu miwili havikitaji. Kati ya Julai na Septemba, upepo wenye unyevu hutoka magharibi, upande wa Kongo na Ziwa Victoria, ukapanda milima ya Mau na kumwaga mvua Kuresoi, Molo, Njoro na Rongai. Jiji la Nakuru nalo hupata sehemu yake, ndiyo sababu Agosti mjini huwa na matope mengi kuliko mgeni anavyotarajia. Upepo huo ukishavuka Mau na kushuka bondeni kuelekea Gilgil na Naivasha, umeshapoteza maji yake.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua maisha ya mkulima. Molo mahindi yanaweza kukaa shambani yakinywa maji kuanzia Aprili hadi Septemba bila pengo kubwa. Naivasha, mvua ikikatika Mei, hakuna kitu hadi Oktoba. Atakayechukua ushauri wa jirani wa Molo akaupeleka Maraigushu, huko Naivasha, atavuna mabua.

Naivasha kuna ziwa kubwa la maji matamu. Inakuwaje pawe pakavu?

Naivasha imekaa bondeni kati ya milima miwili mirefu: Nyandarua upande wa mashariki na Mau upande wa magharibi. Milima hiyo inaikinga mvua isishuke chini. Maji ya ziwa hayatokani hasa na mvua ya Naivasha yenyewe. Sehemu kubwa inaletwa na mto Malewa kutoka Nyandarua, na mto Gilgil unaongeza. Jua na upepo hukausha maji mengi zaidi kila mwaka kuliko yanayonyesha pale pale. Ndiyo maana mashamba ya maua yamejengwa kando ya ziwa na yanamwagilia mwaka mzima.

Kwa mtu wa Naivasha, basi, habari za mvua ya Nyandarua ni habari zake. Mvua ikinyesha sana Kinangop, huko Nyandarua, ajue siku chache baadaye maji yatafika.

Nipande mahindi lini?

Sehemu za Njoro, Rongai, Bahati na Subukia, tayarisha shamba Februari na uwe na mbegu nyumbani kabla ya Machi kwisha. Molo na Kuresoi ni vivyo hivyo, ila baridi inachelewesha mmea: mbegu za nyanda za juu huchukua miezi 6 hadi 8 kukomaa huko, wakati chini zaidi zinamaliza mapema. Ukichelewa wiki tatu kupanda Molo, umejiahirishia mavuno hadi Januari.

Swali linalowasumbua wengi ni mvua ya kwanza. Mwezi wa tatu hunyesha siku mbili, watu wanakimbia shambani, kisha jua linawaka siku kumi na tano na mbegu inaoza au inachipuka na kufa. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe. Ukikuta unyevu umefika kina cha kiganja kizima, na udongo ukiufumbata unashikana, hiyo ni mvua ya kupandia. Ukikuta vumbi baada ya vidole viwili, ngoja.

Kuvuna nako kuna mtihani wake. Mahindi ya Nakuru yanakauka Oktoba na Novemba, wakati ule ule wa mvua ya vuli. Yakiloweshwa yakiwa kwenye mabua au kwenye ghala lisilopitisha hewa, yanaota kuvu, na sumu ya kuvu ile inaua watu na mifugo. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, weka ghalani. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na natamani kila nyumba ya Rongai na Njoro ikitumie.

Barafu ya asubuhi inayounguza viazi hutokea wapi na lini?

Hiyo ni jalidi, na makao yake ni Mau Narok, Molo, sehemu za juu za Kuresoi na mabonde ya karibu na Nyandarua. Watu wengi hudhani inakuja Julai kwa sababu Julai ni baridi. Inaweza kuja, lakini miezi ya hatari zaidi ni Desemba hadi Februari, yaani kiangazi chenyewe. Usiku wa Julai una mawingu, na mawingu hufunika ardhi kama blanketi. Usiku wa Januari anga ni nyeupe kwa nyota, hakuna upepo, na joto lote la mchana linapanda juu likapotea. Hewa baridi ni nzito, hivyo inateremka na kujikusanya kwenye sehemu za chini za shamba.

Ukifika shambani saa kumi na mbili na nusu utaona weupe kwenye kingo za majani, na nyasi zinavunjika chini ya gumbuti. Viazi vinaonekana vizima kabisa. Saa nne, jua likishapanda, majani yanakuwa meusi na kulegea. Katika shamba moja mteremkoni utakuta mistari ya juu ni kijani na ile ya bondeni imekwisha, na mpaka kati yao unaweza kuukanyaga kwa mguu.

Wenye uzoefu wa Mau Narok hawapandi waru, yaani viazi, bondeni katika msimu wa vuli. Huacha sehemu hiyo kwa nyasi au shayiri, na viazi huvipeleka mteremkoni ambako hewa baridi haitui. Viazi aina ya Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi, kwa hiyo aliyepanda mapema Oktoba ana nafasi ya kuvuna kabla jalidi haijashika. Aliyepanda mwisho wa Novemba anacheza kamari na chakula cha watoto wake.

Mvua ya mawe na radi je?

Zote zipo, hasa Molo, Njoro, Kuresoi na Olenguruone, kati ya Aprili na Septemba, na karibu kila mara ni alasiri. Mvua ya mawe hupiga ukanda mwembamba. Shamba lako linaharibika na la ng'ambo ya barabara halijaguswa. Ukisikia ngurumo, ingia kwenye nyumba au gari. Usisimame chini ya mti, usikae na jembe katikati ya shamba tupu, na watoto watolewe uwanjani. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri nusu saa.

Kwa nini Ziwa Nakuru limepanda hivi, na heroe (flamingo) walienda wapi?

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit, kwa chemchemi na kwa maji ya mjini, na njia kubwa ya kutoka ni kukaushwa na jua. Kwa hiyo ziwa linapima hali ya hewa ya miaka mingi kwa mkupuo. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, watu wakaona vumbi la magadi likipeperuka. Tangu 2010 hivi limekuwa likipanda. Lango kuu la zamani la hifadhi na ofisi zake ziliingiwa na maji, barabara za ndani zikahamishwa, na migunga iliyokuwa ufukweni imesimama majini, mikavu, mizizi yake ikiwa imekosa hewa. Upande wa Mwariki na Barut, familia zilihama nyumba walizokuwa wamezijenga kwa jasho.

Chanzo kinachotajwa zaidi ni miaka mingi ya mvua iliyozidi kawaida. Juu yake kuna misitu ya Mau iliyokatwa: maji hayazami tena ardhini taratibu, yanateremka haraka yakiwa na udongo, na udongo huo unajaza vitanda vya mito na maziwa. Baringo, Bogoria na Naivasha nayo yalipanda kipindi hicho hicho. Mtaa wa Kihoto, Naivasha, uliingiwa na maji 2020 na tena 2025.

Heroe hula mwani mdogo unaostawi kwenye maji makali ya magadi. Maji ya mvua yalipoyazimua, chakula kilipungua, na ndege wakahamia Bogoria na kwingineko. Hurudi kwa makundi hali ikiwafaa, kwa hiyo usikatae kwenda kuangalia.

Kama unanunua ploti karibu na ziwa lolote la kaunti hii, usiulize maji yako wapi leo. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hatimiliki.

Nani anapaswa kuogopa mafuriko? Mimi nakaa mbali na mto.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la shamba moja huko Solai lilipasuka na kusomba nyumba. Watu zaidi ya 40 walifariki. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli ya zamani yalifunguka juu ya Kamuchiri, Maai Mahiu, na makumi ya watu wakafariki wakiwa vitandani. Katika matukio yote mawili maji yalitoka juu, gizani, baada ya wiki nyingi za mvua mfululizo.

Kwa hiyo jiulize: juu yangu kuna nini? Kuna bwawa, tuta, kalvati lililoziba, korongo ambalo kiangazi huwa njia ya mbuzi? Udongo wa upande wa Longonot na Maai Mahiu ni jivu la volkano, mwepesi, unachimbika kirahisi. Mwezi Machi 2018 barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa mkubwa baada ya mvua. Mjini pia, Kaptembwo na Rhonda, ardhi hutitia baada ya mvua kubwa kwa sababu mipasuko ya chini ya ardhi inafunguka maji yanapopita. Ukiona mto unaoujua umepungua ghafla wakati bado kunanyesha huko juu, usishangilie. Inawezekana kuna kitu kimeuziba. Waamshe watoto na mpande juu.

El Niño inatuhusu huku?

Inatuhusu, hasa mvua ya vuli. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto lisilo la kawaida, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi nao ukiwa na joto, Oktoba hadi Desemba hunyesha kupita kiasi. 1997 ndiyo wazee wanaoikumbuka. 2023 vijana wameiona wenyewe. 2019 nayo mvua ilizidi, ila mwaka huo ni joto la Bahari ya Hindi lililoileta, si El Niño. La Niña hufanya kinyume, na kati ya 2020 na 2022 tulipata mfululizo wa misimu iliyofeli, Gilgil na Naivasha zikaumia zaidi. Masika hayafuati El Niño kwa karibu hivyo, na ndiyo maana ni magumu zaidi kutabiri.

Inafaa kuvuna maji ya mvua?

Inafaa sana, na huku kuna sababu ambayo kaunti nyingi hazina. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Ndiyo inayowafanya watoto wetu wawe na meno ya kahawia, na ikizidi kwa miaka inaharibu mifupa. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, kwa hiyo kama unaweza kuyatenga kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanajijenga, fanya hivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, mahali penye milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 54,000. Ukitoa yanayomwagika na kupotea, unabaki na zaidi ya lita 40,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite: imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu wasipate mahali.

Nije kutembea mwezi gani, na nibebe nini?

Kwa wanyama na kupanda Longonot au Menengai, Januari, Februari na mwisho wa Juni hadi Julai. Nyasi ni fupi na njia ni kavu. Longonot panda asubuhi, kwa sababu kwenye ukingo wa kreta hakuna kivuli. Mashua za Ziwa Naivasha nazo panda asubuhi. Mchana upepo wa bondeni huamsha mawimbi.

Wapenzi wa mashindano ya magari ya Safari Rally watakumbuka tofauti. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, ilifanyika Naivasha mwezi Juni, na kilio cha madereva kilikuwa vumbi laini la Kedong, huko huko Naivasha. Tangu 2024 imekuwa Machi, na sasa mvua ikitangulia, kilio ni matope. Beba gumbuti, sweta na kofia ya jua, vyote vitatu.

Nikiendesha gari usiku kwenda Eldoret?

Kati ya Salgaa, Sachangwan na Mau Summit ukungu na mvua hukutana na mteremko mkali na malori mazito. Kama una hiari, pita mchana. Barabara ya kushuka Maai Mahiu nayo ina ukungu asubuhi za Juni hadi Agosti.

Utabiri nipate wapi, na niuamini kiasi gani?

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu, na ina ofisi inayoshughulikia kaunti. Redio za lugha za huku huusoma kwa maneno mepesi. Wa siku mbili tatu fuata bila kusita. Wa msimu unakuambia uwezekano tu: ukisikia "mvua juu ya kawaida", haimaanishi kila shamba litalowa, wala haisemi mvua itagawanyika vipi kati ya Aprili na Mei.

Ukitaka kujua mvua ya kwako hasa, tafuta mkebe wenye kuta zilizonyooka, uuweke mahali wazi mbali na paa na miti, na kila saa tatu asubuhi upime maji kwa rula, uandike milimita kwenye daftari, kisha umwage. Baada ya misimu michache daftari hilo litajua shamba lako kuliko kituo chochote cha mjini. Afisa wa kilimo wa wadi atalifurahia pia, mpelekee.